Upepo Uliokuwa Mshenga

George Komora alijua kuuiga upepo kwa mdomo. Alikunja ngumi, akaiweka midomoni, akapuliza polepole, na watu waliokuwa wakicheka wakanyamaza. Kwanza ulisikika kama majani ya migomba yakisuguana. Halafu kitu kikanguruma mbali, ng'ambo ya mto. Watoto wakasogea kwa mama zao, na hapo ndipo alipoanza: "Mwaka ule masika yalichelewa, upepo ukatangulia peke yake."

Kijijini kwao, karibu na Garsen, hakuna asiyeijua habari hiyo. Loise alikuwa msichana wa kijiji cha Wenje, amekuja kumuuguza shangazi yake Josephine. Siku moja alivuka mto kwenda kuchukua ndizi. Alipokuwa akirudi, upepo uliushika mtumbwi, ukauzungusha kama pia, ukaupindua. George alikuwa akipita tu ukingoni na shughuli zake. Akajitupa majini, akamtoa. Kabla ya mavuno wakaoana kanisani.

"Sikutuma mtu kwao," George alimalizia kila mara. "Mshenga wetu alikuwa upepo."

Watu walipiga makofi, na Loise akatazama chini akitabasamu. Aliisikia harusini, akaisikia matangani usingizi ulipowazidi watu, na hakuichoka. Upepo ukivuma hata leo, yeye huona kama jamaa wa mume wake anapita.

Kisha George akaanza kusahau. Kwanza yalikuwa majina ya wajukuu, halafu njia ya shambani. Krismasi mtoto wao Harrison alikuja na familia yake kutoka Hola, na bintiye Dinah akamwomba babu hadithi ya upepo. George akakunja ngumi, akapuliza. "Mwaka ule masika yalichelewa..." Akanyamaza. Akaitazama ngumi yake kana kwamba ni ya mtu mwingine. Dinah alidhani huko kunyamaza ni sehemu ya hadithi, akangoja kwa adabu. Loise ndiye aliyeimalizia, mbiombio, macho yake kwenye sufuria.

"Mama, njooni mkae Hola," Harrison alimwambia walipokuwa wakiosha vyombo. "Nyumba ipo."

"Baba yako akiamka asiuone mto, atatafuta nini asubuhi nzima?"

Harrison akachukua sahani nyingine, akaisugua.

Dhoruba ilikuja mwezi wa nne, mchana. Loise alikuwa ameanika mpunga uani. Joto lilikuwa la kukaba koo, na ghafla hata jani halikutikisika. Ndege weupe, yangeyange, walipita chini chini wakielekea bara, kundi baada ya kundi, bila sauti. Alipoinua kichwa aliona ukuta wa vumbi jekundu ukija kutoka upande wa Kipini, baharini, na nyuma yake anga jeusi. Akakimbilia mkeka. Alikuwa ameukunja nusu tu upepo ulipofika. Ulimvua leso kichwani, ukaubeba mpunga uliobaki, kisha bati la jikoni likaanza kupiga, likapiga, likang'oka zima na kuondoka juu ya migomba.

Alijitupa ndani na mkeka wake. Kiti cha George kilikuwa kitupu.

"Baba Harrison!"

Alikwenda chumbani, akarudi. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi, unajigonga. Nje sauti ya mwanamke ilikuwa ikimwita. Ilikuwa ya Dahabo, jirani yao Muorma anayeuza maziwa Garsen. Alikuwa njiani kurudi na madumu matupu, mtandio wake umemgandama usoni.

"Mama! Mzee ameenda mtoni! Mimi nimemwita, hasikii!"

Dahabo aliyaacha madumu hapo hapo, akamshika Loise mkono. Waliinama na kwenda. Upepo ulikuwa mbele yao, ukiwarudisha. Kila Loise alipoinua mguu ilibidi autafutie pa kuuweka. Matone ya kwanza yalikuwa mazito na baridi. Loise hakuwa akiomba kwa maneno. Alikuwa akilitaja tu jina la mumewe, na upepo ukilichukua kabla halijatoka vizuri.

Walimkuta George amesimama majini, maji yamefika magotini, mto umevimba na kuchafuka mbele yake. Alikuwa akipaza sauti aliyoitumia zamani akiwa kijana wa kusukuma mitumbwi.

"Shika mtumbwi! Usiogelee! Shika mtumbwi!"

Dahabo alitaka kumrukia. Loise alimzuia, kwa hofu kwamba mzee akishtuka atasonga mbele, na pale mbele mna mamba. Akaingia majini mwenyewe, taratibu, mpaka akaupata mkono wake.

George aligeuka. Alimtazama kama anavyotazamwa mpita njia.

"Mama, nisaidie. Kuna msichana pale majini."

"Msichana gani?"

"Wa Wenje. Yule anayekaa kwa Josephine."

Mvua ilikuwa ikiwapiga usoni wote wawili. "Ametoka," Loise akasema.

"Umemwona mwenyewe?"

"Nimemwona kwa macho yangu. Amelowa tu. Yuko salama."

"Hakuumia?"

"Hakuumia, baba. Twende."

Hapo George akakubali kuongozwa. Palikuwa na kibanda cha kulindia mpunga hatua chache kutoka ukingoni, kimefungwa imara kwa kamba za majani ya mti wa mkoma. Wakaingia humo watatu. Dahabo aliukamua mtandio wake, akawafunika wazee mabega, kisha akakaa mlangoni kuwakingia mvua. Nguzo zililia. Nje migomba ilikuwa ikilazwa na kuinuka.

George alimsogelea Loise, akanong'ona kwa Kipokomo, lugha yao.

"Usimwambie mtu."

"Nisiseme nini?"

"Kwamba nilikuwa nikimngoja. Kila akivuka kwenda kwenye ndizi, mimi niko hapa nyuma ya matete. Hajui. Leo niliapa nitamsemesha, na upepo nao umekuja."

Loise akaushika mkono wake kwa mikono yake yote miwili.

"Siku zote hizo, kwa nini hukumsemesha?" aliuliza.

"Namwogopa."

"Unamwogopa? Ana nini?"

"Akicheka," George alisema, "nasahau nilichotaka kusema." Akafikiri kidogo. "Wakiuliza, nitasema nilikuwa napita tu. La sivyo nitakufa kwa aibu."

Loise alifumba macho. Alijaribu kurudi kwenye ukingo ule wa zamani. Aliukumbuka mto, akakumbuka uzito wa mkungu begani, hata wimbo aliokuwa akiimba akipiga kasia. Lakini yeye hakumwona kijana yeyote nyuma ya matete. Kumbe alikuwepo. Miaka yote aliushukuru upepo kwa kumletea mume, na mume alikuwa ameshafika kabla ya upepo, amejificha, anatafuta maneno. Loise akaanza kulia, halafu akacheka akiwa bado analia, na George akamtazama kwa mshangao, kisha naye akacheka bila kujua wanachekea nini.

Dahabo aligeuka. "Anasema nini?"

"Anasema alinipenda."

"Hiyo si unajua, Mama?"

"Hii ni ya zamani kuliko ile niliyoijua."

Dahabo alitikisa kichwa, akatabasamu, akaendelea kukinga mlango kwa mgongo wake mpaka mvua ikapungua.

Bati la jikoni lilipatikana shambani kwa jirani, limekunjika. Harrison alikuja kulinyoosha na kuligongomea upya, na safari hii hakutaja Hola. Alikaa siku kadhaa, akajenga uzio upande wa mtoni, wenye lango ambalo Loise peke yake anajua kulifungua.

George hakurudi kukumbuka. Siku nyingine anamwita Loise kwa jina lake, siku nyingine anamwita mama, anamshukuru kwa chai kama mgeni mwenye adabu. Lakini asubuhi, wakikaa uani, Loise humsimulia. Hawezi kuuiga upepo, hajui, basi huanza moja kwa moja na kijana nyuma ya matete. George husikiliza kama mtu anayepata habari mpya kutoka mbali.

"Kijana mwoga sana huyo," alisema juzi.

"Mwoga gani, na alijitupa majini?"

"Majini ni rahisi. Kusema ndiyo kazi." Akakuna kidevu. "Na angesema? Msichana angekubali?"

"Angekubali siku ile ile ya kwanza."

George alisikitika kwa dhati. "Basi amepoteza siku nyingi."

"Hazikupotea," Loise alimwambia, akainuka kukisogeza kiti chake kivulini, maana jua lilikuwa limeanza kumfikia.