Mtoto wa Kwenye Buti

Kila Alhamisi saa nane mchana Nives Dal Farra huendesha gari lake dogo jekundu mpaka kituo cha Lauimatt, akapanga foleni, akasubiri kupakiwa. Barabara ya juu hufungwa kwa theluji kuanzia Oktoba mpaka Mei, na anayetaka kufika Zenstadel, upande wa pili wa mlima, hana njia ila kulipandisha gari lake kwenye treni na kukaa ndani yake robo saa handakini. Sisi wa huku hatuoni ajabu. Tunazima injini, tunavuta breki ya mkono, tunaweka gia ya kwanza, tunazima taa, na hatushuki. Wageni hupiga picha mle gizani, zikatoka nyeusi, wakalalamika.

Nives ana miaka hamsini na tisa na duka la miwani. Mama yake, Ersilia, ana themanini na mitatu na yuko nyumba ya wazee Zenstadel. Ameshasahau mengi, ila mtu akicheka kwa sauti mbele yake humnyamazisha. Wauguzi wamezoea, siku hizi wanacheka jikoni.

Alhamisi ya pili ya Februari, treni ikiwa katikati ya handaki, buti la gari la Nives liligongwa kwa ndani. Mara tatu, polepole. Nives alidhani ni jeki imelegea. Likagongwa tena, mara tatu zile zile. Jeki haina adabu kiasi hicho, akawaza, akangoja treni ifike.

Zenstadel alishuka kwenye treni, akaegesha kando, akafungua. Ndani alikuwa amelala msichana wa miaka sita, magoti yamegusa kifua, amevaa koti la kahawia lililokatwa kutoka koti la mwanamume. Alikuwa Nives mwenyewe, wa mwaka 1971. Hapakuwa na la kubishania, maana kovu la kidevuni lilikuwa lile lile, la mtoto tu ndilo lilikuwa bado bichi.

"Tumeshawapita polisi?" mtoto alinong'ona.

"Zamani sana. Haya toka, utapata baridi."

"Mama kasema nisitoke mpaka aniite yeye. Kwani wewe bibi ni nani?"

Hilo la bibi lilimchoma Nives kidogo. Kabla hajapata jibu akatokea Köbi, mpakiaji wa magari, na koti lake la rangi ya chungwa. Alichungulia ndani ya buti kama anayetazama tairi.

"Aa, na wewe umepata wako."

"Wako wengi?"

"Wiki hii wanane. Juzi fundi bomba alikuwa na wawili, kaka na dada, wamebanana na spana. Ukiwa handakini usiwajibu kwa kugonga, dada. Wanadhani ni msako."

"Huwa wanatoka?"

"Mimi napakia magari, dada yangu. Sogea, unawazibia wenzako."

Miaka ile mwanamume wa Kiitalia aliruhusiwa kuja kutujengea mabwawa miezi tisa kwa mwaka, na mkewe aliruhusiwa kutufulia mashuka ya hoteli. Mtoto wao hakuruhusiwa. Basi walimleta ndani ya buti, kwa treni hii hii, wakamweka chumbani, wakamfundisha kutembea na soksi. Nives aliishi hivyo miaka mitatu juu ya chumba cha kufulia, hatua zikisikika anaingia chini ya kitanda. Na sisi tulijua. Tulisikia maji yakimwagika katika chumba ambacho wenyewe wako kazini, tukasema mabomba ya zamani hayo. Ni aibu, sina neno jingine.

Nives alitaka jambo moja tu: mtoto yule atoke, akanyage theluji, apige kelele mpaka watu wafungue madirisha. Alikunja kiti cha nyuma ili wasikilizane, akaendesha taratibu kuelekea nyumba ya wazee, akimuuliza maswali. Kulikuwa na mengi ambayo yeye mwenyewe hakuyakumbuka tena.

"Baba anaongeaje?"

"Anakohoa kwanza. Halafu anasema, 'Haya, sikilizeni watu wangu.' Watu wake ni mimi na mama tu."

Sauti hiyo Nives alikuwa ameipoteza tangu amzike baba yake, miaka arobaini sasa. Ilibidi asimamishe gari. Alilia kidogo, akapenga kamasi, akampa mtoto kipande cha mkate na jibini. Mtoto alikula, kisha akaokota makombo yote kwenye zulia la buti, moja moja, akayala pia, pakabaki kama hapajaliwa kitu.

Ersilia alitoka mpaka maegesho akisukuma kigari chake cha kutembelea. Alipoona ndani ya buti hakushtuka. Alilamba kidole gumba, akamfuta mtoto kidevu, akamfunga kifungo cha juu.

"Umetulia?"

"Nimetulia, mama."

"Mwite, mama," Nives akasema. "Mwambie atoke."

Ersilia alitazama barabara, kwanza huku, kisha kule. "Karatasi iko wapi?"

"Karatasi gani tena?"

"Usinifanye mjinga. Ya ruhusa. Yenye muhuri."

"Sheria ile imefutwa, mama. Zamani mno. Mimi nina pasi nyekundu ya raia wa hapa, napiga kura, nimewapimia macho nusu ya Lauimatt!"

"Punguza sauti. Hata Assunta, mfuaji mwenzangu, aliambiwa hivyo hivyo, kwamba sasa mambo shwari. Polisi wakaja Jumapili, watu wako mezani." Akafunga buti kwa viganja viwili, polepole, lisitoe mlio.

Jioni ile, aliporudi nyumbani, Nives alikuta buti tupu. Ijumaa alikwenda ofisi ya kijiji. Karani, Bibi Abgottspon, alimsikiliza mpaka mwisho, akavuta fomu.

"Wa kwenye buti au wa kabatini?"

"Wa kwenye buti."

Faili lilipatikana kwa dakika nne. Ombi la baba, Machi 1971, mwandiko umelalia upande, kuomba binti yake akae naye. Chini yake muhuri: limekataliwa.

"Basi mpe ruhusa sasa," Nives akasema.

"Ruhusa ya namna hiyo haipo tena, Bibi Dal Farra. Siwezi kutoa kitu kisichokuwepo."

"Basi futa huko kukataliwa."

"Kulifuata utaratibu. Na rufaa ilikuwa ndani ya siku thelathini." Bibi Abgottspon alisikitika kwelikweli, machozi yalimlengalenga, na si mwanamke wa kulia ovyo. "Ninachoweza kukupa ni barua ya pole. Ina muhuri."

Nives aliichukua. Alhamisi iliyofuata buti liligongwa palepale, katikati ya handaki, na kule maegesho Ersilia aliisoma barua ile mara mbili, kidole kikifuata mistari. Kisha akaikunja, akamrudishia bintiye.

"Hii ni pole," alisema. "Sikuomba pole."

Nives hakukata tamaa mara moja. Aliandika barua mji mkuu, akajibiwa kwa heshima. Alimwomba muuguzi mmoja avae kofia ya polisi na kutamka kwamba yote ni salama, na siku hiyo Ersilia alitetemeka hadi jioni na kukataa supu. Nives hakurudia. Jambo hilo linamuuma hadi leo, ukimtazama unaona.

Machi aliliuza gari jekundu. Muuzaji wa magari, bwana mmoja mwenye tabia ya kuzungumza huku anaandika, alimuuliza anabeba nini.

"Mtoto."

"Miaka?"

"Sita."

"Chukua lile la kijivu, la buti refu. Wa miaka sita analala amenyooka kabisa. Fundi bomba naye kachukua kama hilo."

Alichukua la kijivu. Alitandika godoro jembamba, blanketi la sufu na mto, na Alhamisi, treni ilipopita katikati ya mlima, alisikia nyuma yake mtu akijigeuza na kushusha pumzi. Kule maegesho alifungua buti. Mtoto alikuwa chali, miguu amenyoosha yote.

Ersilia alibonyeza godoro kwa kiganja, huku na huku, kama anayewatandikia wageni wa hoteli. Uso ulimchangamka. Nives hakuwa amemwona hivyo tangu kiangazi.

"Mwite, mama," alisema.

"Hili zuri sana," Ersilia akamwambia mtoto. "Hapa unaweza kukaa hata miaka."

"Asante, mama," mtoto akanong'ona, akarudisha mikono ndani ili mlango usimbane.