Amepimwa

...amepimwa, alisema amepimwa, nilimuuliza kwenye simu, Kashinje, huyo dume wako amepimwa, akajibu amepimwa mayu, ndivyo kwao wanavyomwita mama, vizuri tu, na mimi na digrii yangu nikaridhika, sikuuliza amepimwa nini, sasa mkono wangu uko kwenye komeo la geti na yeye yuko nje, katoka Chitete kwa bodaboda, mbwa katikati kama abiria, vumbi limewapaka rangi moja, anachomoa mfukoni futi ya fundi cherehani, futi!, anaivuta toka begani kwa mbwa mpaka chini, "Ona kimo hicho mayu, ndama wa mahari anasubiri, fungua basi, binti yako kapata mume," nyonga, Kashinje, nilimaanisha eksrei ya nyonga, na damu, kuna ugonjwa wa kutupa mimba unaopita kwenye kupandana, nasema hayo kwa sauti au nayawaza tu, maana Mwanaasha jirani keshachungulia juu ya ukuta, "Mama Lusubilo, watu wenyewe wanaoana bila kupima, sembuse mbwa!", cheka mama, cheka, Tausi, jike wangu, nilimpeleka mpaka Mbeya, akatolewa damu, akalazwa chali kwenye mashine, yuko safi, na sasa anakwaruza mlango wa stoo kwa joto lake kana kwamba nimemnyima haki, na mzao wake ule wa kwanza, baba yao kila mtu alisifu kifua, kifua, kifua, hadi mmoja wa watoto akaanza kuburuza miguu ya nyuma sakafuni kama anavuta gunia, daktari wa mifugo akaja na sindano ya kumlaza moja kwa moja, nikamshika kichwa mimi... lakini mgeni hafukuzwi getini, mama yangu angenikaripia, katoka mbali, jua hili, fungua tu, Mungu atasaidia, komeo linasogea kidogo, na dume anakaa, kiuno kimeangukia upande, Kashinje anavuta kamba, mbwa anainuka kwa kurusha miguu ya nyuma yote pamoja, kama sungura, "Kachoka safari huyu," labda, labda kweli kachoka, wala sijui, na yeye hajui, futi haijui, basi Kashinje aingie anywe chai, ale na ugali, mbwa apewe maji huko huko nje, adabu ni yangu naweza kuigawa, nyonga za watoto wa Tausi si zangu, ataudhika, atasema kote Momba kwamba mwanamke wa Chapwa anaringa hadi kwa niaba ya mbwa wake, aseme...