Thelathini na Nne

Mimi ni fundi cherehani, na fundi yeyote anayekwambia hajawahi kumdanganya mteja kuhusu kiuno chake, huyo ni mwongo wa daraja la kwanza. Mama wa watu anaingia, unamzungushia futi, unaona inchi arobaini na sita, unasema kwa sauti "arobaini na mbili", kisha kwenye daftari unaandika arobaini na sita na unakata arobaini na sita. Gauni linamkaa, anatoka akijitazama kwenye kila dirisha analopita, na kesho anakuletea shoga zake. Sisi tunaita kusoma kwa adabu. Aliyenifundisha kazi alinifundisha hilo kabla hata hajaniruhusu kugusa mkasi.

Kosa langu ni kwamba nilikwenda kumsomea kwa adabu mume wangu.

Mume wangu ni mwalimu wa hesabu. Shule nzima inamwita Uzi, jina alilopewa ujanani kwa wembamba wake, na tulipooana watu walicheka mpaka wakashika mbavu, eti fundi kajipatia uzi wake. Lakini kwao ni watu wa miili. Shemeji zangu wote wawili unaweza kuwawekea sahani juu ya tumbo na mchuzi usimwagike. Uzi aliwatazama, akala kiapo kwamba yeye hatafika huko. Siku ya harusi alivaa suruali ya kijivu niliyomshonea kwa mkono wangu, kiuno inchi thelathini na nne, akaamua kuwa hiyo ndiyo namba yake mpaka kaburini. Tangu hapo kila mwisho wa muhula ilikuwa lazima nimpime. Anainua mikono juu na kutazama ukuta kama mtu aliyekamatwa na polisi, mimi nazungusha futi kwa nyuma na kusoma. Hakuwahi kuisoma mwenyewe. Alisema kwenye futi mimi ndiye mwalimu.

Mwaka wa nane wa ndoa baba mkwe alifia kwenye kiti chake, ana miaka hamsini na minane. Sukari ilimla kimyakimya, moyo ukamalizia. Wiki moja baada ya maziko Uzi alinijia chumba cha kushonea, akaniomba nimpime ingawa muhula ulikuwa bado. Akainua mikono kama kawaida. Futi ilisoma thelathini na sita. Akauliza ngapi. Nikatazama kisogo chake, nikamwonea huruma, nikasema thelathini na nne.

Usiku ule alilala fofofo kwa mara ya kwanza tangu msiba, nami nikajiona nimemponya.

Basi nikawa nimenasa. Ukishasema thelathini na nne, suruali nayo lazima iseme hivyo hivyo. Nikaachia mshono wa nyuma. Mwaka uliofuata nikatia kipande chini ya mkanda, mahali ambapo shati hufunika. Kipande kilipozidiwa nikashona suruali nyingine nzima, maana nilikuwa nimebakiza mita kadhaa za jora lile la kijivu, kisha ya tatu. Nilichokuwa nahamisha ni kifungo tu, kile cheusi chenye ufa, ili akikishika akijue. Suruali ya harusi yenyewe niliikunja nikaitia droo ya chini ya cherehani, chini ya mabaki. Watu humvisha mtu kilemba cha ukoka, mimi wangu nilimvisha suruali ya ukoka. Na alivyoivalia maringo! Kila sherehe lazima asimame, ashike kiuno, awaambie kaka zake kwamba hii ni ileile ya harusi, mwaka wa kumi na tisa huu, na mke wangu shahidi. Nami nacheka pamoja nao.

Usinione mjinga. Niliona. Mikono na miguu yake ilibaki ya Uzi, mafuta yote yalikwenda kati. Nilimpunguzia chumvi na mafuta ya kupikia, nikamtuma dukani kwa miguu, nikamwambia tutembee jioni. Akaniuliza kwa nini ajisumbue mtu ambaye hajaongezeka hata nusu inchi. Nilijifungia mlango mwenyewe na ufunguo nikaumeza.

Mwaka jana akaanza kulalamika viatu vinambana, vidole vinakufa ganzi. Kwenye viatu hakuwa na fundi wa kumdanganya.

Mwaka huu bima ya walimu ikadai kila mwalimu apimwe pamoja na mwenzi wake. Daktari aliletewa meza katika stoo ya vifaa vya michezo, chumba chenye dirisha moja karibu na dari, kinachonuka ngozi ya mipira. Tuliingia sisi wawili, mzani ukasogezwa nyuma yetu, ikawa mlango haufunguki mpaka tumalize. Daktari alikuwa mama wa makamo, miwani inaning'inia kifuani, anaongea taratibu kama mtu asiye na haraka ya kwenda popote. Mimi nilipita bila neno. Uzi akapanda mzani, akaambiwa uzito umezidi kiasi, si sana. Urefu sentimita mia na sabini na mbili. Akanitazama kwa ushindi.

Daktari akaeleza kwamba mzani hausemi kila kitu. Mtu anaweza kuwa na mikono myembamba na mafuta yakawa yamejificha ndani, yanazunguka ini na kongosho, na hayo ndiyo yanayoleta sukari na kuusumbua moyo. Ndiyo maana yeye hupima kiuno, juu kidogo ya mfupa wa nyonga, mtu akiwa ametoa pumzi. Kwa kawaida, alisema, kiuno kisizidi nusu ya urefu.

Mwalimu wa hesabu akachangamka. Nusu ya mia na sabini na mbili ni themanini na sita. Na yeye ni inchi thelathini na nne, zidisha kwa mbili nukta tano nne, unapata themanini na sita nukta tatu sita. Akasema alikuwa hajui kwamba Mungu alimkata kwa kipimo cha vitabu.

Daktari akacheka naye, akamzungushia futi yake, akaacha kucheka. Mia na kumi na nne, alisema. Akapima tena. Mia na kumi na nne.

Uzi hakukasirika hata kidogo, na hilo ndilo lililonitisha. Alimwambia kwa heshima zote kwamba futi za siku hizi za bei rahisi hazina ukweli, akamshikisha kiuno cha suruali aone, ni ya harusi, kifungo kilekile. Daktari akamuuliza kuhusu wazazi, akasikia ya baba yake. Akamuuliza kuhusu miguu, akasikia ya viatu. Akasema anataka damu, leo hii, ya sukari na ya mafuta, na hatasaini fomu bila damu. Uzi akakataa katakata. Akasema hatoi damu kwa kosa la futi, kama ni fomu ataipeleka kwa daktari mwingine. Nilimjua. Angetoka pale asingeingia tena hospitali mpaka siku ya kubebwa. Ana miaka arobaini na minane. Kati yake na kiti cha baba yake kulikuwa na miaka kumi, na kati yake na sindano kulikuwa na suruali yangu.

Kisha akapata wazo. Uso wake uling'aa kama anapompata mwanafunzi mwenye jibu sahihi.

"Daktari, huyu ni fundi, miaka zaidi ya ishirini kazini. Futi yake haikosei. Mke wangu, itoe, nipime mbele yake tumalize."

Futi ilikuwa kwenye mkoba wangu, inakaa humo siku zote. Niliitoa. Nyuma yangu mzani, mbele yangu mgongo wa mume wangu, pembeni daktari amevaa miwani yake na ananitazama mimi, wala si futi. Nadhani alishajua. Uzi aliinua mikono, akatazama ukuta, akatoa pumzi kama alivyofundishwa. Nikazungusha. Hapakuwa na haja ya kusoma, kiuno kile nilikijua kuliko wangu. Ulimi ulikuwa umeshakaa tayari kwenye thelathini na nne, umezoea njia. Nilitamani chumba kipate mlango wa pili. Nilitamani mtu agonge.

"Ngapi, fundi?" akauliza.

"Arobaini na tano."

Mikono ikabaki juu. Nilimwona akipiga hesabu, maana midomo yake hucheza anapozidisha. Hakuigeukia futi, hakumgeukia daktari.

"Mia na kumi na nne nukta tatu," alisema kwa ukuta.

Kisha akauliza tangu lini. Nikamwambia tangu wiki ile ya baba. Akauliza suruali. Nikasema ni ya tatu, cha zamani ni kifungo tu. Nililia, sikatai, na sikujali daktari ananionaje. Nilimwambia nilimwonea huruma, nikamwambia nilishindwa pa kutokea. Alishusha mikono, akakunja shati mpaka kwenye kiwiko na kumpa daktari mkono.

Majibu yalitoka wiki iliyofuata, tukaitwa chumba kilekile. Sukari ilikuwa juu mno, na ini lilikuwa limeanza kulalamika. Daktari alisema dawa zipo, mwendo upo, chakula kinarekebishika, na kiuno kikipungua hata inchi tatu mwili utashukuru. Lakini miguu ile, akasema, haifi ganzi kwa sukari ya juzi. Jambo hili lilianza zamani, lingeonekana mapema lingezuilika. Uzi akauliza mapema ni lini hasa, yeye ni mtu wa namba. Daktari akafikiri, akasema hawezi kuapa, lakini pengine miaka kumi, kumi na mmoja. Uzi akaitikia kwa kichwa polepole. Aliandika kumi na moja pembeni mwa karatasi yake, akaizungushia duara.

Hakunipiga, hakunitukana, hakuondoka nyumbani. Watu wanasema nishukuru. Anakunywa dawa zake, anakula ninachompikia, jioni anatembea, peke yake. Suruali ya kijivu alinirudishia imekunjwa vizuri, kifungo amekikata na kukiweka mfukoni mwake. Siku hizi anavaa za dukani.

Futi yangu ya zamani aliichukua. Daktari alimwagiza apime kiuno kila Ijumaa na kukiandika, maana namba hiyo ndiyo itakayoonyesha kama anapona au anazama. Nilimwomba nimpimie. Nilimwambia nitasoma kwa sauti, nitaandika ninachokiona, aweke hata shahidi. Akasema asante, amejifunza.

Kwa hiyo kila Ijumaa asubuhi anaingia chumbani na kufunga kwa komeo. Mimi nakaa kwenye cherehani, mguu kwenye pedali, nisishone. Nasikia mkanda unafunguliwa. Nasikia futi inakunjuliwa. Karatasi ya daktari anaiweka kwenye kabati lake la shule na ufunguo uko naye. Najaribu kumkadiria kwa macho akipita, jicho la fundi halihitaji futi, lakini za dukani anazinunua kubwa, shati analiachia nje, na nikimkaribia anageuka. Usiku analala upande wa ukuta. Sijui anapungua au anaongezeka. Mwenzenu nimekaa na mtu na sijui kama anapona au anakufa.

Ijumaa iliyopita sikuweza kuvumilia. Alipotoka nilisimama mlangoni, nikamwuliza ngapi.

Alinitazama vizuri, usoni, kwa mara ya kwanza tangu ile stoo. Macho yake yalikuwa mapole kabisa. Nadhani ndivyo nami nilivyokitazama kisogo chake miaka ile.

"Thelathini na nne," akasema, akanipita kwenda kazini.