Propela ya Mama Mkunga

Basi bwana, Masikio alikuwa fundi, hilo hata adui yake hakatai. Magari ya zamani, yale ambayo mafundi wa leo wakiyaona wanajikuna kichwa, yeye aliyasikiliza amefumba macho, kisha akataja ugonjwa. Jina likatokea hapo. Ubaya wa masikio yale ni kwamba mdomo ulikuwa karibu nayo mno.

Mkunga mmoja mstaafu alimletea gari la marehemu mumewe. Likifika kasi ya sabini, sakafu ilitetemeka mpaka kioo cha nyuma hakionyeshi kitu. Masikio akasema ni propela, kile chuma kirefu kinachopeleka nguvu kutoka giaboksi hadi magurudumu ya nyuma, na kweli ilikuwa propela. Akaishusha, akaichomoa vipande viwili, akampelekea shemeji yake, mkereza vyuma aliyemwoa mdogo wake wa kike. Shemeji akabadilisha krosi, vile viungo vya propela, zilizolika, akaiunganisha na kuipiga balansi ili izunguke sawa, akairudisha ikiwa vipande viwili.

Vipande hivyo huchomekana kwa meno, na lazima virudi vilivyokuwa. Ndiyo maana kila fundi pale kwenye uwanja wao wa mafundi huvuta mstari wa rangi juu ya vyote viwili kabla ya kuvitenganisha. Masikio hakuvuta. Rangi, alizoea kusema, ni ya wasahaulifu. Akachomeka kwa kukisia, akafunga, akaenda kujaribu. Gari likatetemeka kuliko mwanzo.

Sasa hapo mwenye akili angerudi chini ya gari. Yeye alirudi uwanjani, saa nne asubuhi, wateja wamejaa na shemeji amekuja kuona kazi yake. Akamwambia mbele ya wote kwamba ameua propela ya mjane, kwamba mashine yake inafaa kuchonga mipini ya majembe, na kwamba undugu ndio uliomponza yeye kumpa kazi. Watu wakacheka. Shemeji akainama kidogo, akachungulia chini ya gari, akafuta mikono, akaondoka.

Maneno ya namna hiyo hayahitaji miguu. Baada ya miezi mitatu karakana ya mkereza ilikuwa haina mteja, na mdogo wake Masikio alikuwa hapokei simu zake.

Mwezi wa nne mama mkunga akarudi. Ameendesha polepole kama Masikio alivyomshauri alipomrudishia gari, akasema, lakini kutetemeshwa kumemchosha. Masikio akaingia chini, akafuta grisi pale vipande vinapokutana. Akaona vinukta viwili vya tindo, kimoja kwenye kila kipande, vimegongwa kwa uangalifu. Shemeji alimwekea alama, maana alimjua. Na vinukta havikutazamana. Vilipishana meno mawili.

Nyani haoni kundule, jamani, lakini huyu aliletewa kioo. Alilala pale chini uso ukimwaka. Kisha akachomoa, akalinganisha vinukta, akafunga. Walikwenda mpaka tisini na gari likatulia kabisa. Waliporudi, mama mkunga akatangaza uwanja mzima kwamba fundi ni huyu, si yule mharibifu. Pale ndipo palikuwa mahali pa kusema kweli.

"Tunashukuru, Mama," Masikio akasema.

Akaona haya papo hapo. Alijiona mwizi aliyeshikwa na asiyejua kwamba amemshika. Alasiri akaenda kwa mdogo wake.

Dada yake huyo alimwamkia kwa mazoea tu, akampisha mlangoni. Mumewe alikuwa jikoni akimenya viazi. Wiki ijayo, dada akasema, mumewe anaanza kulinda geti la ghala. Mashine ya kukerezea imepata mnunuzi, itachukuliwa Jumamosi. Masikio akaeleza yote huku ameinamia sakafu: rangi ambayo hakupaka, vinukta, meno mawili.

"Nilijua," shemeji akasema. "Niliviona siku ile, ulipokuwa unanitukana."

"Sasa mbona hukusema, shemeji?"

"Ungeaibika mbele ya wateja wako. Wewe ni kaka wa mke wangu." Kisu kikaendelea kumenya. "Na leo unakuja kuniambia mimi. Mimi si nilikuwa najua? Wasiojua wako uwanjani."

Masikio alitamani ardhi ipasuke immeze. Hakuna aliyemkaribisha kiti.

Kesho yake akampigia simu mama mkunga amwombe aje, na saa nne akasimama katikati ya uwanja. Alianza kwa sauti ndogo, na mnyoosha bodi akaendelea kugonga. Mtu mmoja akamwambia aseme tena, hawasikii. Ikabidi amwombe mnyoosha bodi aweke nyundo chini. Nyuso zote zikamgeukia.

"Ile propela niliifunga vibaya mimi," akasema, sauti ikafika barabarani. "Shemeji yangu hakukosea kitu. Nilimsingizia. Na jana nikapokea sifa huku najua."

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka.

Mama mkunga akatoa funguo za gari mkobani. "Nilimsema vibaya mtaa mzima," akasema. "Anakaa wapi?"

Masikio akamwelekeza. Kisha akamwomba afike kabla ya Jumamosi.