Ramani ya Kaunti ya Clare

Kaka yangu Thabit ndiye aliyetoa amri kwamba mama asiambiwe. Alikuwa ndiyo kwanza karudi kutoka Ireland kumzika mdogo wetu Safwan, macho yamemvimba. "Moyo wake hautahimili," akasema. "Daktari kasema asishtuliwe. Tutamwambia akipata nguvu." Mimi nikaafiki. Sijisafishi: niliafiki haraka, maana nilijua mzigo wa kumwambia ungeniangukia mimi.

Safwan alikuwa akisomea uhandisi huko, magharibi ya nchi. Aprili alikodi gari akatembee kaunti ya Clare, likapinduka kwenye barabara ya pwani. Katika vitu alivyorudi navyo Thabit ilikuwamo ramani ya watalii ya kaunti hiyo. Safwan alizizungushia kalamu sehemu tisa alizotaka kuziona. Ya kwanza, ngome ya Bunratty, ameitia alama ya kwamba keshafika. Nane hazina kitu.

Basi hizo nane nikazitembea mimi. Kila alasiri nikitoka wizarani nilikuja nyumbani, hapa hapa Al Khuwair, Maskati, nikakaa ubavuni mwa mama, nikashika simu na kujifanya namsomea ujumbe wa Safwan. Mama alikuwa na mtoto wa jicho, herufi hazioni.

"Kwa nini hapigi nikasikia sauti yake?" aliniuliza siku ya kwanza.

"Mtandao mbovu huko mashamba, mama. Maandishi ndiyo yanayopita."

Nilianza na magenge ya Moher, namna yanavyokatika ghafla juu ya bahari, zaidi ya mita mia mbili, na upepo wa kumwangusha mtu. Mama akacheka. "Katoka kwenye majabali ya Maskati, kapanda ndege, kenda kutazama majabali." Nami nikacheka, nikaona dawa imefanya kazi.

Nikaendelea. Nikampeleka Safwan kwenye uwanda wa Burren, mawe matupu hadi upeo wa macho na maua madogo yanachungulia nyufani. Nikamwingiza pango la Ailwee, palipookotwa mifupa ya dubu. Nilikuwa nasoma habari hizo kazini, nikiacha faili za watu zinanisubiri, nikaziongezea chumvi. Kila nilivyozipamba ndivyo mama alivyozidi kunyamaza. Mimi, mjinga wa kujitakia, nikadhani anaburudika.

Siku nilipofika Poulnabrone, kwenye kaburi la mawe la zaidi ya miaka elfu tano, alinikatiza.

"Kaburi la nani?"

"Watu wa kale, mama. Hawajulikani."

"La babake liko Sidab, nusu saa kwa gari haifiki. Mwaka wa tatu huu hajalizuru. Ya watu asiowajua ndiyo anayoyafungia safari." Akageukia ukutani. "Na mimi nnaumwa, hajaniuliza hali."

Kweli, sikuwahi kumtia Safwan salamu za maana mdomoni. Mawe nilimwandikia vizuri. Kumwandikia "mama, nakupenda" nilishindwa.

Aliyeona mapema ni Nakimuli, dada wa Kiganda aliyekuwa akimhudumia mama. Alikuwa jikoni anachuja uji. "Dada Rahila, nikuambie kitu na usikasirike," akasema. "Mama anamkasirikia mtu aliyekufa. Kwetu hiyo siyo nzuri kabisa." Nikamwambia ashughulike na uji wake. Aibu ya jibu lile ninayo mpaka leo.

Nilimpigia Thabit jioni hiyo. "Subiri," akasema. Nikasubiri, na kesho yake nikasoma kuhusu mnara wa taa wa Loop Head.

Siku tatu baadaye, mchana wa Jumatatu, mama akatuita. Kwetu mzazi akihisi safari imekaribia huwaita wanawe akawapa radhi zake, mmoja mmoja kwa jina. Asiyezipata hana pa kuziokota tena. Alinishika mkono. "Rahila, radhi zangu nnakupa, za dunia na akhera. Thabit na wewe vilevile. Nakimuli mwanangu, nilipokukosea nisamehe." Akaishia hapo.

"Na Safwan, mama," nikasema.

"Safwan simpi."

"Mama, msamehe."

"Mtu kazunguka nchi ya watu, pango kwa pango, hana dakika ya mamake. Simpi."

Thabit akanitazama na kutikisa kichwa, nisiseme. Nilimchukia dakika ile, na mimi mwenyewe nilijichukia zaidi. Nikapiga magoti, nikauweka mdomo wangu kwenye sikio la mama.

"Mama, Safwan katangulia mbele ya haki tangu Aprili. Gari ilipinduka. Zile habari zote nilizitunga mimi. Huko kote hakufika. Mpe radhi zake."

Akautoa mkono wake mkononi mwangu, polepole.

"Juzi kaona mnara wa taa," akasema, "leo kafa? Usimzulie mwenzio kifo, Rahila, kwa kutaka nimsamehe. Dhambi hiyo."

"Ni kweli, mama," Thabit akasema. "Nimemzika mimi."

"Na wewe kila siku wawatetea nduguzo," akajibu, akafumba macho. Hakusema tena neno tulilolielewa. Alifariki kabla ya magharibi.

Siku ya tatu ya matanga nyumba ilijaa wanawake. Mmoja wao, jirani wa miaka mingi, alinikumbatia na kuninong'oneza, "Mshukuru Mungu, mwanangu. Mmemsitiri. Kaondoka hana habari ya msiba wa Safwan, hana alilokwenda nalo moyoni."

Nikaitikia amina. Ukweli nilikuwa nimeshausema mara moja, na mwenyewe niliyemwambia hakuuamini.