Kiungo cha Chesisi

Kishindo kilitangulia: kwato kwenye bati, kimya, kisha kwato tena. Ndani ya trela, fahali wa kilo mia nane alikuwa anatafuta pa kutokea.

Verlene Stuckey hakushughulika naye. Alikuwa amelala chali kwenye changarawe ya yadi ya magari, Amarillo, kichwa chini ya gari-nyumba jipya lililojengwa juu ya chesisi, fremu ya chuma, ya lori, nyundo mkononi. Miaka thelathini alikuwa akichomelea mageti na mazizi ya mafahali wa rodeo, michezo ya kupanda fahali. Chuma alikijua.

Muuzaji, Brantley, alishasifu kila kitu: injini, breki za upepo, viti vya ngozi, nguvu ya kuvuta tani kumi bila kuhema. Dwight, kaka yake Verlene, alikuwa amemwamini. Gari-nyumba kongwe la jirani yao Hollis, ambalo Verlene alilitaka, Dwight alisema linanuka mbwa. Alisimama kwenye mlango wa gari jipya kwa mguu wake mmoja na gongo lake, akiutazama usukani kwa uchu.

Jumamosi fahali huyu alitakiwa uwanjani Pueblo, na njia yao ni ule ule mteremko wa Raton. Mwaka jana ndoano ya kuvutia trela iling'oka hapo. Minyororo ya usalama ikalishikilia trela, likayumba na kulipindua gari zima. Mafahali wawili walikufa wakikoroma. Mguu wa Dwight ulibaki chini ya vyuma.

Chesisi ya lori ni fupi kuliko nyumba inayobebeshwa, kwa hiyo huungwa kipande nyuma, na ndoano hufungwa hapo. Verlene alikigonga. Rangi ikabanduka. Chini yake palikuwa na ufa mrefu kama kidole.

"Kaka, usisaini."

Brantley alicheka, akamwambia Verlene asiogope, ni rangi tu hiyo.

Dwight aliinama, akaupapasa ufa. Alipoinuka, gongo lilikuwa hewani. Lilimpata Brantley mdomoni. Dwight akamwangukia kifuani, akamkandamizia gongo kooni kwa mikono miwili.

"Nyie na kiwanda chenu ndio mlionikata mguu."

Visigino vya Brantley vilichimba changarawe. Verlene alimvuta kaka yake bega. Kiwiko cha Dwight kikampasua unyusi.

"Mwache, Dwight. Ile chesisi ya mwaka jana niliiunga mimi."

Gongo halikusogea.

"Kiwanda hakikukosea. Ulitaka trela kubwa, nikaongeza kipande. Nikauona ufa. Nikapaka rangi."

Mikono ya Dwight ililegea. Brantley alitambaa kuelekea ofisini, akikohoa, akitema damu na jino. Dwight alimtazama dada yake, kisha akampiga ngumi, moja, ya uso. Verlene hakujikinga. Aliketi chini karibu naye, wote wawili wakihema kama wanyama waliokimbizwa.

Mwishowe Dwight aliuliza, kwa sauti ndogo, kuhusu lile gari la Hollis. Verlene akamjibu kwamba chesisi yake ni chuma kimoja, mbele mpaka nyuma, hakina kiungo. Amelala chini yake mara mbili kuikagua.

"Mwaka jana pia ulisema chuma kizima."

Damu ilimwingia Verlene jichoni, hakuifuta.

"Tukishuka Raton nitalala kitanda cha nyuma, Dwight, juu ya ndoano. Ikikatika, itaanza na mimi."