Jeshi la Kando ya Mto

"Ni yangu, Mama. Nipe."

"Yako? Ulipoiacha ikashika vumbi, nani aliifuta? Nani anaichaji?"

"Niliiacha, sikuitupa!"

Binti yangu alikuwa amesimama mlangoni, begi begani, mkono ameunyoosha kama askari anayedai leseni. Alikuwa amepata kazi ya maabara katika hospitali ya mbali, katika mji ambako hatumjui mtu hata mmoja. Basi lilikuwa la mchana huo. Nami, badala ya kumwambia neno la maana, nilikuwa nagombana naye juu ya gemu ya mkononi.

"Mama mzima, fundi mwenye diploma, unang'ang'ania mchezo wa watoto?"

"Diploma yangu ni ya ushonaji. Haikatazi kucheza."

Akacheka bila kupenda. Akainyakua mezani, kati ya mkasi na chaki, akaiwasha.

Ndani yake mna jeshi la vijitu vyenye mikuki na ngao. Vitufe ndiyo ngoma. Ukipiga mdundo mmoja vinatembea mbele, mwingine vinashambulia, mwingine vinarudi nyuma. Kabla ya safari unapanga nani atangulie na ngao, nani akae nyuma. Ukikosea mdundo, vyote vinasimama na kukukodolea macho.

"Mbona viko pale pale nilipoviacha?" akauliza. "Hujavuka mto?"

"Navitembeza mpaka mtoni, halafu navirudisha."

"Mama! Vita viko ng'ambo."

"Ndiyo maana. Nilivuka mara moja, yule mwenye kofia nyekundu hakurudi. Inatosha."

"Kwa hiyo wewe ni jenerali wa kurudi nyuma."

"Tangu hapo jeshi langu halijapungua. Wewe ulipoteza wangapi?"

Sikumwambia mengine. Tangu aende chuo, wateja wanaingia humu ninamoshonea, tunaongea vipimo vya kiuno na urefu wa mikono, wanatoka. Redio inasema yenyewe, haingoji jibu. Vile vijitu nikivipigia ngoma, vinaniitikia kwa wimbo. Jioni navipigia, vinaitikia, navirudisha, nazima taa.

Akakaa kwenye kiti cha wateja, begi bado begani.

"Sikuisahau hapa," akasema. "Niliirudisha likizo, nikaiacha makusudi. Chuoni nilikuwa nashindwa kuicheza."

"Wewe? Uliyekuwa unacheza huku umefumba macho?"

"Hapa nilikuwa nafuata cherehani yako. Ukikanyaga, nami napiga. Kule bwenini hakuna cherehani. Nakosea, vinasimama vinaniangalia tu. Sasa naenda kukaa chumba cha peke yangu, nikaona angalau..." Akaizima. "Basi, baki nayo. Mimi nitazoea."

Namjua anavyosema "nitazoea". Alisema hivyo hivyo tulipotoka kumzika baba yake.

Nikamnyang'anya gemu. Nikaichomoa chaja ukutani, nikaviviringisha vyote viwili ndani ya kitambaa cha bitana, nikavisukumiza ndani ya begi lake na kufunga zipu.

"Lete simu."

"Mama, basi litaniacha."

"Lete simu, ufunge na mdomo. Unarekodi wapi hapa?"

Akanionyesha. Nikailaza simu mezani karibu na gurudumu la cherehani, nikachukua shuka la mteja, refu kuliko kazi zote nilizokuwa nazo, nikakunja pindo na kuanza kukanyaga.

Chumba kikajaa ule mlio. Binti yangu hakutikisika, ila kidole gumba kilikuwa kinagonga gotini, sawasawa na mguu wangu.

Nilipofika konani, mahali ambapo kila fundi husimama ageuze kitambaa, sikusimama. Nilijua nikisimama, huko aendako vijitu vyake vitasimama pia. Nikakizungusha kitambaa huku nakanyaga, pindo likaenda upogo, sindano ikaendelea. Nitalifumua jioni. Nafasi itakuwepo tele.